Mistari Aliyoifuta Neema

Vijana wangu mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mna adabu nzuri kupita kiasi. Nikipita ofisini kwenu mnanipa shikamoo, mnanivutia kiti, na nikisema jambo lolote mnaitikia "ndiyo mama". Mara ya mwisho nilisema kwa makusudi kitu kisicho na kichwa wala miguu, nione nani atanipinga. Hakuna. Mmoja wenu alikuwa hata anaandika. Hapo ndipo nilipoona heri niwasimulie habari za Neema na Mzee Ndahani, maana nawaona mnakwenda njia ile ile.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa programu. Mwenzangu akibadilisha kitu, nayasoma mabadiliko yake mstari kwa mstari kabla hayajaingizwa kwenye mashine ya mteja. Zaidi nilikagua draiva. Draiva, kwa msomaji asiye wa fani yetu, ni kipande cha programu kinachokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, kwenye kiini tunachokiita keneli, na kazi yake ni kuzungumza na kifaa kimoja tu, kwa mfano printa. Kifaa kikilalamika, draiva ndiyo inayosikia malalamiko na kuamua la kufanya. Mama yangu kule Kondoa alipoambiwa kwamba binti yake anakagua madraiva Dodoma mjini, aliwatangazia majirani kuwa nimekuwa mkubwa wa usalama barabarani. Sikumsahihisha. Jirani mmoja alikuwa na lori bovu, na kwa miaka kadhaa alinisalimia kwa unyenyekevu mkubwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, watu wazima wanarudi nyumbani wamepunguzwa kazini, na kompyuta zilizokuwa zikifungiwa kwenye chumba cha mkurugenzi, zimefunikwa kitambaa kilichofumwa, zikaanza kuonekana madukani. Nyingi zilikuwa zimeshachoka huko Ulaya kabla ya kuletwa kwetu. Sisi tulifungua karakana yetu nyuma ya soko, chumba na varanda, tukawa tunazifufua. Wabunge walipokuwa mjini, wateja walijaa. Wakiondoka, tulibaki tunapigana na vumbi.

Mzee Ndahani alikuja kwetu baada ya shirika lake kuuzwa. Alikuwa Mgogo wa Mlali, mrefu, mkimya, fundi wa mashine za hesabu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kuandika programu alijifunza ukubwani, akiwa na miwani na wajukuu, na aliandika vizuri kuliko wengi wetu tuliojifunza tukiwa na macho mazima. Kabla ya kuwasha mashine yoyote aliweka kiganja juu yake akatulia. Nilidhani anaiombea. Kumbe alikuwa anasikiliza feni, maana vumbi la Dodoma likishaingia kwenye feni, mtetemo wake hubadilika kabla ya sauti. Jaribuni siku moja, ila msifanye mbele ya mteja mlokole, atawauliza mmetumwa na nani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mabadiliko kuanzia nyuma. Ninyi mkipewa mabadiliko mnakimbilia mistari iliyoongezwa, kwa sababu mipya inapendeza. Mzee aliniambia, "Zuhura, anza na iliyofutwa. Aliyeongeza yupo, atajitetea. Aliyefutiwa huenda hayupo." Nilifuata hivyo mpaka nilipostaafu, na mara nyingi nilikuta shida imelala huko huko.

Sasa nifike kwenye mashine yenyewe. Kulikuwa na shule ya watoto wasioona, njia ya Mpwapwa, ambayo wafadhili waliipa printa ya nukta nundu. Printa hii haitumii wino. Ina kichwa chenye pini sita, na kila pini inapiga karatasi kwa nyuma ili itoke nundu ambayo mtoto anaisoma kwa kidole. Printa ilikuja bila draiva ya kufaa kompyuta waliyokuwa nayo, na waliotengeneza walikuwa wameshafunga duka. Mzee Ndahani akaandika draiva kutoka mwanzo. Alikwenda shuleni mara nyingi, akipanda magari ya magunia, akirudi mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Siku printa ilipotoa ukurasa wa kwanza, mwalimu wa hisabati, Mwalimu Yohana, ambaye naye haoni, aliupapasa akacheka peke yake. Mzee alitusimulia hilo zaidi ya alivyotusimulia harusi yake.

Baada ya hapo mitihani ya shule ikawa inachapwa kwa printa ile. Ikapita misimu, na siku moja Mwalimu Yohana akaja karakana, ameshikwa mkono na mkewe. Mzee alikuwa Mlali kwenye msiba, na Neema, binti tuliyemwajiri karibuni kutoka chuo, alikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo. Nilimpokea mimi. Alikunywa chai kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mama Zuhura, nimekuja kuuliza swali la kijinga."

"Uliza, Mwalimu. Hapa tunaishi kwa maswali ya kijinga."

"Darasa langu limefeli hisabati mara mbili mfululizo. Mkuu wa shule ni mtu mwema, lakini amechoka. Anasema labda hesabu haziwafai watoto wetu. Wakifeli tena, vipindi vyangu vitakuwa vya kusuka vikapu. Mimi mwenyewe nilisoma hesabu kwa kidole, mama. Hakuna aliyenipa kikapu. Kuna mtoto wangu mmoja, Mwaija, wa kwenu Kondoa, ukimtajia hesabu kwa mdomo anakujibu hujafunga mdomo. Ukimpa karatasi, anafeli. Sasa najiuliza, ni mimi nafundisha vibaya kusoma, au mashine inaumwa?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda naye shuleni. Tukachapa ukurasa wa majaribio. Akaupapasa wote, ukawa safi. Tukachapa mwingine, safi. Kompyuta ikaandika "Imekamilika" bila wasiwasi wowote. Nilimuuliza karani anayechapa, akasema haijawahi kukataa kazi, ni mashine tiifu. Miaka ile neno la kompyuta lilikuwa neno la mwisho. Mtu angeweza kubishana na daktari, lakini si na skrini. Mwalimu Yohana akanishukuru, akasema, "Basi ni mimi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na niliporudi mjini iliniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Mzee Ndahani alikuwa karibu kuacha kazi akalime Mlali. Tulikubaliana draiva zake zipite mikononi mwa Neema ili azizoee, na kama kuna uchafu ausafishe. Kila programu inayokaa muda inajaza uchafu: jina lililokosewa, mistari inayojirudia, kipande kisichotumika tena ambacho hakuna mwenye ujasiri wa kukitupa. Neema alikuwa binti mwepesi, mcheshi, anayependa kila kitu kikae mahali pake. Hata vikombe vyetu alivipanga kwa kimo. Alifanya kazi yake, akaniletea mabadiliko kwa ajili ya ukaguzi, na juu ameandika: Usafi tu. Hakuna kinachobadilika.

Vijana, mkiona maneno hayo, vaeni miwani.

Nikaanza na mistari iliyofutwa. Usafi wake mwingi ulikuwa mzuri kweli, nikawa natikisa kichwa kwa furaha. Kisha nikafika kwenye sehemu ya makosa, yaani pale draiva inapoamua la kufanya kifaa kikisema nimeshindwa. Sehemu hii ndiyo ambayo watu hawaiendei. Programu ikifanya kazi vizuri hakuna anayepita huko, kwa hiyo uozo wake haunuki. Kuisoma kunataka uvumilivu, na mimi nilikuwa na mazoea ya kuisoma kwa sauti, nikijifanya mimi ndiye printa.

Nikasoma ya zamani, ya Mzee. Pini imekwama. Draiva inaandika kwenye nafasi inayoitwa matokeo kwamba kuna kosa la pini. Vizuri. Halafu inaamuru kichwa cha printa kijirudishe mwanzo, yaani kiriseti, na jibu la kuriseti linaandikwa wapi? Kwenye nafasi ile ile ya matokeo. Kichwa kikiriseti salama, jibu ni salama. Draiva inarudi kwa kompyuta na kusema: salama. Kosa la pini limefutwa na habari njema iliyokuja baadaye. Na karatasi imeshapita ikiwa na nundu pungufu.

Nikasoma ya Neema. Jibu la kuriseti amelipa nafasi yake lenyewe, na kosa la pini linabaki kosa mpaka mwisho. Kwa hiyo kuanzia sasa pini ikikwama, printa itasimama na kompyuta itasema. Huo si usafi. Huo ni ukarabati mkubwa, umefunikwa khanga ukaitwa usafi.

Mistari michache chini yake alikuwa amefuta kitu kingine. Mzee alikuwa anasoma hali ya kifaa mara mbili mfululizo, usomaji wa kwanza anautupa na kutumia wa pili. Neema aliona ni kujirudia, akaacha mmoja. Sikuwa na hakika na hilo. Niliweka alama, nikamwita tukakae varandani.

"Neema, umeandika hakuna kinachobadilika."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo mama."

"Kweli hakuna?"

"Ndiyo mama. Yaani, hapana mama."

"Mwanangu, chagua moja."

Ikabidi nimmiminie chai ndipo aliposema. Aliliona kosa la Mzee siku ya kwanza tu. Alishindwa kulala, alisema, maana hakujua afanye nini. Angemuuliza Mzee "kwa nini umeandika hivi?", ingekuwa kumsuta mtu wa umri wa babu yake, tena anayeondoka. Angeniandikia mimi kwamba ni kosa, lingebaki kwenye kumbukumbu za karakana na jina la Mzee juu yake. Akaona bora alirekebishe kimya kimya ndani ya usafi, Mzee aende Mlali na heshima yake.

"Nilitaka kumstiri, mama."

Niwaambie ukweli, nilitaka kumkumbatia. Katika kazi hii nimekutana na vijana wengi wanaotangaza makosa ya wakubwa kwa tarumbeta, na huyu alikuwa ameyabeba ya mwenzake mgongoni bila kulipwa hata asante. Nilikuwa tayari kukubali. Ningetia sahihi, draiva ingepona, Mzee asingejua. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

"Na usomaji huu wa mara mbili?" nikamuuliza.

"Huo nao niliona amesahau. Au amechoka. Sikutaka kumuuliza."

"Hilo la pini, unadhani limewahi kutokea kweli?"

"Sidhani mama. Lingetokea, si mtu angelalamika?"

Ndipo nilipomkumbuka Mwalimu Yohana. Neema hakuwepo siku ile, hakujua lolote. Na mimi nilikuwa nimeitazama ile sehemu ya makosa kwa dakika nyingi kama jambo la vitabuni tu. Nikamsimulia Neema habari zote za Mwalimu na darasa lake.

Tulikuwa na kichwa cha akiba cha printa ile pale karakana, na kadi yake ya kukiunganisha na kompyuta. Tukaviunganisha, tukaweka draiva ya zamani. Kosa la kifaa usilingoje litokee lenyewe, lilete wewe. Neema akachomoa kibanio cha nywele, akaizuia pini ya nukta ya katikati, upande wa kushoto. Tukachapa tarakimu zote kwa mpangilio. Kompyuta ikaandika "Imekamilika." Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuzitambua tarakimu kwa macho, basi nikaitazama karatasi. Mbili ilikuwa imekuwa moja. Sita ilikuwa tatu. Saba ilikuwa nne, na nane ilikuwa tano. Hizo nne hazikuonekana mbovu. Kila moja ilikuwa tarakimu kamili, ila si yenyewe.

"Lakini maneno yangeharibika pia," Neema alisema. "Wangegundua."

Ndivyo mtu angefikiri. Lakini pini yenye joto haifi moja kwa moja, inaruka hapa na pale. Neno likikosa nundu moja, mtoto analikamilisha kwa akili na kuendelea, kama ninyi mnavyosoma gazeti lililofungiwa maandazi. Atadhani nundu imelala kwa kushikwashikwa na wengi. Tarakimu haikamilishwi kwa akili. Ukisomewa tano, ni tano.

Na kwa nini kurasa zetu za majaribio zilitoka safi? Kwa sababu tulichapa asubuhi, mashine ikiwa ya baridi, kurasa mbili tukaridhika. Karani alichapa mitihani ya darasa zima kwa mfululizo, mchana, chumba cha bati, kichwa cha printa kinachemka. Mwalimu Yohana alikagua kurasa za mwanzo. Na kusahihisha alisahihisha kwa nakala aliyoitoboa mwenyewe kwa mkono, ambayo haikuwa na kosa. Hakuna aliyefikiria kulinganisha nakala yake na ya watoto.

Neema alikuwa amekaa sakafuni. "Kwa hiyo ningerekebisha kimya kimya..."

"Mashine ingepona, na watoto wangebaki wamefeli," nikamwambia. "Wangesuka vikapu, na hakuna ambaye angejua sababu."

Ilibidi Mzee aambiwe, na nikamwambia Neema aseme yeye, nami niwe pembeni. Hakulala tena usiku huo, nadhani. Asubuhi Mzee alipoingia, alimwamkia, akamletea kiti, akamuuliza habari za Mlali, za mtama, za mbuzi, za kila mjukuu kwa jina. Ng'ombe walikuwa wanakaribia kuulizwa habari zao mmoja mmoja. Mzee akacheka.

"Binti, umezunguka sana. Kuna aliyekufa?"

"Hapana, babu. Ni draiva ya printa."

Akamweleza yote, mpaka darasa la Mwalimu Yohana. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Mzee alivua miwani, akasoma mistari yake mwenyewe akiwa ameisogeza karatasi karibu na pua. Nilianza kutafuta maneno ya kumpoza. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Karatasi za watoto bado zipo?"

"Zipo shuleni," nikasema. "Mwalimu Yohana hatupi karatasi."

"Basi twende." Akasimama, akakaa tena. "Ngoja. Hili la matokeo umefanya sawa, mwanangu, ahsante. Lakini huu usomaji wa mara mbili umeufuta kwa nini?"

"Niliona unajirudia, babu."

"Haujirudii. Kadi ile inashika habari ya zamani. Umeme ukikatika pale shuleni, jenereta ikachukua, kuna kutikisika kidogo, na kadi inaandika kosa. Kosa limeshapita, lakini kadi inalishikilia mpaka isomwe. Usomaji wa kwanza unafuta la zamani, wa pili unakupa la sasa. Ukiuacha mmoja, kila jenereta ikiwashwa printa itasimama bila sababu. Na sasa kwa kuwa umeifundisha kusimama, karani atachoka, ataitoa draiva yako na kurudisha yangu."

Neema akamtazama, akasahau adabu kabisa, Mungu ambariki.

"Sasa babu, kwa nini hukuandika maelezo hapo?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Wakabaki wanatazamana, kisha wote wawili wakaanza kucheka, Mzee mpaka akakohoa. Lakini alipofuta macho niliona si kicheko peke yake kilichoyalowanisha. Alikuwa ameumia. Mtu anapenda kitu alichotengeneza, na kile ndicho alichokuwa akikisimulia kuliko harusi yake.

Mabadiliko ya Neema niliyarudisha, nikamwambia ayagawe. Usafi uwe peke yake na uitwe usafi. Ukarabati uwe peke yake, iandikwe waziwazi kosa lilikuwa linaficha nini na limewaumiza kina nani. Na mistari ile miwili ya usomaji irudi, na juu yake maelezo ya Mzee, kwa maneno ya Mzee. Alifanya hivyo, na nikayapitisha siku hiyo hiyo. Mkifanya kazi hii, msichanganye kufagia na kujenga. Anayekuja kukagua anaona vumbi tu.

Nilidhani Mzee atataka mimi ndiye niende kuzungumza na mkuu wa shule, mambo ya watu wazima ofisini, yaishe. Alikataa. Alitaka kuwaona watoto. Tulikwenda naye, Neema na mimi. Kwanza tukachapa mitihani upya, mchana kwenye joto lile lile. Katikati ya kazi printa ikasimama, na kompyuta ikaandika kwamba pini imekwama. Karani akashtuka akasema tumeiharibu. Neema akamwonyesha jinsi ya kuiacha ipoe, na akaendelea.

Mkuu wa shule alitusikiliza ofisini, akasema angependa kusikia watakavyosema watoto wenyewe. Tukaingia darasani. Mzee Ndahani akasimama mbele, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Wanangu, mimi ndiye niliyeifundisha ile mashine kuongea na kompyuta. Niliifundisha vibaya mahali pamoja. Mashine ilipokosea, ilisema haikukosea. Nane mliisoma tano kwa sababu karatasi ilikuwa imeandikwa tano. Vidole vyenu vilisoma sawa. Mwalimu wenu aliwafundisha sawa. Aliyekosea ni mimi, na nimekuja kuwaambia mwenyewe."

Mwalimu Yohana alikuwa amekaa mezani kwake, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia, na karatasi zake za mtihani ule wa zamani alikuwa amezikumbatia.

"Shikamoo babu. Mimi naitwa Mwaija. Swali la kwanza, mfugaji alikuwa na mbuzi wangapi?"

Mzee akanitazama. Nikaitazama nakala ya Mwalimu. "Themanini na saba," nikasema, "akauza thelathini na wawili."

"Yangu inasema hamsini na saba." Alipitisha kidole tena, kuhakikisha. "Nikaandika wamebaki ishirini na watano. Kwa hiyo nilipata au nilikosa?"

Mwalimu Yohana ndiye aliyejibu. "Ulipata, Mwaija. Kwa mbuzi uliopewa, ulipata."

"Basi naomba vema yangu."

Mwalimu akampa. Akaichukua karatasi, akaweka alama pale pembeni kwa stilasi yake, ule msumari wa kutobolea nundu, akamrudishia. Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Mwalimu, vipindi vyako vya hesabu viendelee," na watoto wakapiga makofi, na Neema akalia waziwazi bila kujificha.

Mwaija hakukaa. Alingoja makofi yaishe, karatasi bado ameinyoosha kuelekea meza ya Mwalimu.

"Hilo ni moja," alisema. "Sasa tuangalie la pili."